Mbona setilaiti nyingi hazitumii vioo vya kukusanya jua?

Swali: "Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi wa sola hapa Kongowea, Mombasa. Nilichukua dishi kuukuu la tivi la sentimita 90, nikalibandika vipande vya kioo, na nikilielekeza juani linachemsha birika la maji na kuwasha ukuni. Nikasema basi nipate na umeme. Nikaweka paneli ndogo ya wati 20 pale mwanga unapokutana. Ampea zikashuka chini kuliko nilipoianika juani tu, na baada ya muda plastiki ya nyuma ikafura na kunuka. Halafu nimesoma kwamba kuna vyombo vya anga vilivyoruka na lenzi za kukusanya jua. Huko juu wanawezaje? Na kama inawezekana, mbona setilaiti zote hazina? Tuko vijana watatu tunaotaka kulifanyia kazi jambo hili, hata kwa ajili ya setilaiti ndogo kama Taifa-1 ya Kenya. Tuanzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na paneli yako iliyofura, maana kilichoiua hapo Kongowea ndicho hicho hicho kinachowasumbua wahandisi wa vyombo vya anga.

Paneli ya wati 20 kwa kawaida ina seli 36, na zimeungwa kwa mfululizo: mkondo unaotoka seli ya kwanza lazima upite ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. Ni foleni ya magari kwenye feri ya Likoni hiyo. Gari moja likizimika mbele, hata mwenye injini mpya nyuma yake hasogei. Ulipoigeuza paneli itazame dishi, uliipa jua mgongo. Seli mbili tatu zilizoangukiwa na doa la mwanga zilikuwa tayari kumwaga ampea, lakini zile thelathini na ushei zilizobaki zilikuwa zikiona ardhi na mwanga wa pembeni tu, zikaubana mkondo wote. Ndiyo sababu mita yako ilisoma chini.

Na lile joto? Dishi la sentimita 90 lina eneo la takriban mita mraba 0.64. Tuseme jua la mchana mweupe linaleta wati 800 za mwanga wa moja kwa moja kwa kila mita mraba, na vipande vyako vya kioo vinarudisha asilimia 80. Hapo una kama wati 400 zilizorundikwa kwenye doa lisilozidi kiganja. Hata seli zingefanya kazi sawasawa, seli nzuri ya silikoni hugeuza kama asilimia 20 tu kuwa umeme. Wati 80 zitatoka kwenye waya, 320 zitabaki palepale kama joto. Plastiki kufura si ajabu. Ajabu ni kwamba kioo cha mbele hakikupasuka.

Sasa sikiliza jambo ambalo dishi linaweza kukudanganya, kwa sababu moto wake unaonekana kwa macho. Kioo hakizai mwanga. Zile wati 400 ni mali ya eneo la dishi, si mali ya fokasi, pale mwanga unapokutana. Ukilichukua eneo hilo hilo la mita mraba 0.64 ukalijaza seli za kawaida zikatazama jua, utapata umeme mwingi kuliko wa dishi lenye seli chache katikati, maana hutapoteza ile asilimia 20 ya kioo na utaokota pia mwanga unaotawanywa na mawingu. Kikusanyio cha jua kinabadilisha kitu kimoja tu: eneo kubwa unalijaza kioo au lenzi badala ya seli, na seli unaziweka chache. Basi faida yake ipo pale tu ambapo seli ni ghali, au nzito, au huharibika upesi kuliko kioo. Kwa paa la nyumba Kisauni hesabu hiyo imekufa zamani, seli za silikoni zimeshuka bei mno. Angani imewahi kufufuka.

Seli nyingi za vyombo vya anga si za silikoni ya kawaida. Ni tabaka tatu au zaidi za madini kama galiamu na germaniamu, zilizooteshwa moja juu ya nyingine ili kila tabaka limeze rangi yake ya mwanga, na hufikia karibu asilimia 30 angani. Bei yake haifanani hata kidogo na ya seli unazouza wewe. Tena kila seli lazima ivikwe kioo cha kuikinga na elektroni na protoni zinazorandaranda kwenye mikanda ya mionzi inayoizunguka dunia, na kioo hicho ni uzito. Ukiwa na seli moja ndogo chini ya lenzi pana, unaweza kuivika kioo kinene bila kuongeza uzito wa chombo kizima. Hii ndiyo hoja ninayoiona yenye nguvu kuliko zote, ingawa watu hupenda kuzungumzia bei. Kuna nyongeza ndogo pia: mwanga ukizidi mara kumi, volti ya kila tabaka la seli hupanda kwa takriban milivolti 60, kwa hiyo seli iliyo chini ya mwanga mkali hufanya kazi kwa ufanisi zaidi kidogo, mradi tu isipate joto. Neno lenyewe liko hapo kwenye "mradi tu".

Chombo ulichosoma habari zake huenda ni Deep Space 1 cha NASA, kilichorushwa tarehe 24 Oktoba 1998. Kazi yake kubwa ilikuwa kujaribu teknolojia mpya, na mojawapo ilikuwa mabawa ya sola yaliyoitwa SCARLET. Juu ya mabawa yale kulikuwa na lenzi 720 ndefu na nyembamba, za mpira wa silikoni ulioshikishwa kwenye kioo chembamba kilichopindwa kama tao. Chini ya kila lenzi kulikuwa na mstari wa seli, zote pamoja kama 3,600, na mwanga ulikuzwa kama mara saba. Yakiwa karibu na dunia mabawa hayo yalitoa takriban wati 2,500, na sehemu kubwa ya umeme huo iliendesha injini ya ioni iliyokuwa ikisukuma gesi ya zenoni. Chombo kile kilipita karibu na asteroidi Braille mwaka 1999 na nyotamkia Borrelly mwaka 2001. Kwa hiyo jibu la "wanawezaje" lipo, na lina ushahidi.

Ila tazama walivyokwepa makosa yaliyoikuta paneli yako. Hawakutumia doa, walitumia mstari. Lenzi ndefu hukusanya mwanga upande mmoja tu, ikaumwaga sawasawa kwa urefu wote, kwa hiyo seli zilizoungwa kwa mfululizo zote hupata mwanga uleule na hakuna inayoibania nyingine. Pia walichagua lenzi badala ya kioo, na uchaguzi huo una akili ndani yake. Kipande cha kioo kikiinama digrii moja, mwale unaorudi hukengeuka digrii mbili. Lenzi iliyopindwa kama tao huupinda mwale mara mbili, unapoingia na unapotoka, na uso ukikunjamana kidogo kosa la kuingia na la kutoka karibu linafutana. Ukiwa unatengeneza kitu chembamba kinachokunjwa ndani ya roketi, kikatikisika wakati wa kuruka, kisha kikakunjuliwa bila mkono wa mtu, uvumilivu huo ni mali.

Tuje kwenye joto, maana hapa watu wengi hufikiri kinyume. Husema, "Angani kuna baridi, seli zitapoa." Hakuna hewa ya kuzipoza. Dishi lako likiwa Kongowea, upepo wa bahari unachukua joto jingi bila kukuuliza. Katika ombwe joto hutoka kwa njia moja tu, kwa kung'aa kama mionzi isiyoonekana, na njia hiyo ni ya polepole mpaka kitu kiwe na moto mwingi. Hebu tupige hesabu. Karibu na dunia jua huleta wati 1,361 kwa kila mita mraba. Tuchukulie seli inayomeza asilimia 90 ya mwanga, inayotoa asilimia 28 kama umeme, na inayotoa joto pande zote mbili vizuri. Bila kukuzwa, itatulia kwenye nyuzi kama 35 za Selsiasi, katika hali bora. Kuza mwanga mara 8 bila kufanya lolote jingine, itafika kama nyuzi 240. Kuza mara 100, inakaribia 700. Lehemu ya kawaida ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183, kwa hiyo kwenye mkuzo wa mara 8 tu viungo vyako vya waya vimeshaachana.

Dawa yake imo ndani ya hesabu hiyo hiyo. Joto lote linalotakiwa kutoka halijaongezeka, limesongamana tu. Ukilisambaza tena mpaka lienee eneo sawa na la lenzi, seli inarudi karibu na joto la paneli ya kawaida. SCARLET ilifanya hivyo kwa kuzilaza seli juu ya ubao mpana wenye ngozi za nyuzi za kaboni zinazopitisha joto upesi, na ubao wote ukawa redieta. Kwa mkuzo wa mara saba au nane ubao mwembamba unatosha. Kwa mara mia unahitaji chuma kizito au mabomba ya kusafirisha joto, na uzito uliookoa kwenye seli unaurudisha kwenye redieta. Hii ndiyo sababu miundo mingi ya angani iliyoaminika imebaki kwenye mkuzo mdogo, japo maabara za duniani zimekwenda mbali: mwaka 2022 taasisi ya Fraunhofer ISE ya Ujerumani ilitangaza seli iliyofikia asilimia 47.6 chini ya mwanga uliokuzwa mara 665. Maabara haibebi redieta angani.

Jambo la pili ni shabaha. Paneli bapa ni mpole sana. Ikikosea jua kwa digrii 10 inapoteza asilimia moja na nusu tu, ikikosea digrii 30 inapoteza kama 13. Lenzi ya mstari yenye mkuzo wa mara 8 huvumilia digrii mbili hivi upande wake mkali, kisha mstari wa mwanga unateleza nje ya seli na umeme unaanguka ghafla. Lenzi ya doa ya mkuzo mkubwa hata digrii moja ni nyingi. Sasa fikiria chombo kilichopata hitilafu. Kimepoteza mwelekeo, kinayumba, redio inatafuta dunia, betri inashuka. Chenye paneli bapa kitaokota jua kidogo kila kinapogeuka na huenda kikajiokoa. Chenye lenzi tupu kitapata karibu sifuri. Deep Space 1 yenyewe ilipoteza kifaa chake cha kutambua nyota mnamo Novemba 1999, na wahandisi walikaa miezi wakiandika programu mpya ya kutumia kamera ya sayansi mahali pake. Walifaulu, lakini meneja yeyote wa setilaiti ya biashara akiisikia habari hiyo anapata jasho.

Na sasa kisa ambacho, kwa maoni yangu, kilizitia doa teknolojia hizi kuliko hesabu yoyote. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Boeing ilitengeneza setilaiti kubwa za mawasiliano za aina ya 702. Kando ya paneli zake iliweka vioo vilivyoinama, kama mbawa za pembeni, ili virudishe jua la ziada juu ya seli. Mkuzo wenyewe ulikuwa mdogo, haukufika hata mara mbili, na shabaha haikuwa tatizo kubwa. Ya kwanza, Galaxy XI, iliruka Desemba 1999, ikafuatwa na nyingine kama Anik F1 ya Kanada mwaka 2000. Baada ya muda wenyewe wakaona umeme unapungua upesi kuliko ilivyokadiriwa. Katika ombwe, gundi, rangi na plastiki hutoa mvuke wake polepole, hasa zikipashwa joto na jua. Mvuke ule ulitua juu ya vioo ukatanda kama ukungu, na vioo vikarudisha mwanga kidogo zaidi kila mwezi. Hakuna wa kupanda kuvifuta. Bima zikaingia kati, Anik F1 ikatafutiwa mrithi mapema, Anik F1R, aliyerushwa 2005, na Boeing ikaviacha vioo ikarudi kwenye paneli bapa.

Ukiniuliza kwa nini setilaiti zote hazina vikusanyio, nusu ya jibu ni kisa hicho. Setilaiti ya mawasiliano huuzwa kwa ahadi ya miaka 15. Mwenye fedha hanunui ubunifu, ananunua ahadi.

Nusu ya pili ni kwamba mshindani hakulala. Wakati wataalamu wa lenzi wanahangaika na ukungu na shabaha, paneli bapa zenyewe zilikuwa zikizidi kuwa nyepesi. Leo kuna paneli za kukunjwa kama mkeka, zinazojikunjua zenyewe. Za aina hiyo zilianza kuongezwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2021. Ukiwa na mkeka mwepesi wa seli, uzito uliotaka kuuokoa kwa lenzi umeshaokolewa na mwingine.

Hata hivyo sidhani habari imeisha, na ningekuwa na umri wako ningetazama mbali na jua. Kwenye sayari ya Mshtarii (Jupita) mwanga wa jua ni dhaifu mara 27 kuliko hapa, kama wati 50 tu kwa mita mraba. Chombo cha Juno, kilichoruka 2011 na kufika huko 2016, kimebeba mabawa matatu yenye seli 18,698. Karibu na dunia yangetoa kama kilowati 14, huko hutoa wati 500 hivi. Europa Clipper, iliyoruka Oktoba 2024, ina mabawa yanayofanya chombo kizima kipate upana wa zaidi ya mita 30. Katika mwanga hafifu na baridi kali seli nyingi huwa na ila ndogondogo za kuvuja mkondo ambazo hapa duniani huzioni, lakini huko zinakula sehemu kubwa ya umeme, na wahandisi hulazimika kuzichuja moja moja. Ukikuza mwanga ule mara kadhaa, seli inarudi kwenye hali inayoipenda, joto si tatizo tena kwa sababu jua lenyewe ni dhaifu, na unaweza kuivika kinga nene dhidi ya mionzi ya Mshtarii, ambayo ni mikali mno. Eneo la kukusanyia halipungui, nakukumbusha, lakini sasa eneo hilo ni la utando mwepesi. Ndiyo maana wazo hili linarudi kila mara. Chombo cha DART, kilichogonga asteroidi Dimorphos tarehe 26 Septemba 2022, kilibeba kwenye sehemu ndogo ya mabawa yake jaribio la seli mpya zenye vioo vya kukuzia, kikizitazamia safari za mbali.

Kuna tawi jingine ambalo nitaligusa tu, maana dishi lako linafanana nalo zaidi kuliko linavyofanana na lenzi: kutumia joto lenyewe badala ya kulikimbia. Huko Cleveland, Marekani, katikati ya miaka ya 1990, NASA iliendesha mtambo wa kilowati 2 ndani ya chumba kikubwa cha ombwe. Kioo kilikusanya mwanga wa taa zilizoigiza jua, joto likazungusha tabo (turbini) ndogo kwa mchanganyiko wa gesi za heli na zenoni, na chumvi ya floridi inayoyeyuka kwenye nyuzi 767 ikatunza joto la kutumika chombo kikiwa upande wa usiku. Mtambo ulifanya kazi. Mpango wa kuupeleka angani ulifutwa, na kituo cha anga kikabaki na paneli na betri. Mimi nilikuwa upande wa tabo siku zote, lakini betri za sasa zimeninyima hoja.

Haya, tuanzie wapi.

Kwanza, dishi lifunikeni gunia au turubai muda wote lisipotumika. Jua husogea, na fokasi husogea nalo; doa lililokuwa kwenye birika saa sita linaweza kuwa kwenye pazia la jirani saa nane. Na msiliangalie doa kwa macho matupu, vaeni kioo cheusi cha fundi wa welding, namba 14.

Pili, wekeni dishi kando na mchukue lenzi bapa ya plastiki, zile karatasi za kukuzia maandishi zinazouzwa kwenye maduka ya vitabu. Hizo ni lenzi za Fresnel, jamaa wa zile za SCARLET, ingawa hizi za dukani ni za doa na si za mstari. Chini yake wekeni seli moja tu. Seli nzima ya silikoni ya sentimita 15.6 hutoa kama ampea 9 juani; ikikuzwa mara 8 ingetaka kutoa 70, mita yenu itakufa na vile vinywele vya fedha juu ya seli havikutengenezwa kwa mkondo huo. Mkondo ukizidi mara 8, joto linalopotea kwenye vinywele huzidi mara 64. Tafuteni vipande vya seli zilizovunjika, kama sentimita moja kwa kumi, vinavyotoa theluthi moja ya ampea hivi. Kisogezeni karibu kidogo na lenzi kabla ya fokasi ili mwanga ukifunike chote, usiwe nukta.

Pimeni ampea kwa kuunganisha ncha mbili moja kwa moja kupitia mita. Mkondo huo unafuata mwanga karibu kwa uwiano kamili, kwa hiyo ukigawa kwa mkondo wa bila lenzi unapata mkuzo halisi, na utaona ni mdogo kuliko ulivyodhani. Kisha pimeni volti bila kuunganisha kitu. Seli ya silikoni hupoteza kama milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya joto, basi seli yenyewe ndiyo kipimajoto chako, ukiondoa tu ile nyongeza ya milivolti 60 kwa kila mara kumi ya mwanga. Funikeni lenzi kwa kadibodi mpaka seli ipoe, iondoeni ghafla, na muandike volti kila sekunde chache. Namba zinavyoshuka, ndivyo joto linavyopanda. Rudieni seli ikiwa imebandikwa juu ya bati pana la alumini, muone tofauti. Kisha inamisheni fremu nzima digrii moja moja kutoka kwenye jua, muandike ampea. Mchoro wa digrii kwa ampea ndio kitu cha kwanza mtaalamu yeyote atakachowaomba.

Mombasa ina hila zake. Kikusanyio hutumia mwanga unaokuja moja kwa moja tu, na hapa pwani unyevu na utusitusi hutawanya mwingi. Ili kujua, shikeni kisahani mbali kidogo na seli kiufunike uso wa jua tu: ampea zinazobaki ni za mwanga uliotawanyika, ambao lenzi haiwezi kuukusanya na ambao angani haupo kabisa. Pimeni wakati wa kaskazi, Januari au Februari, si kwenye masika. Na vioo msiviache nje, chumvi ya bahari hupenya kingoni na kuila fedha ya nyuma.

Mtihani ambao hamtaweza kuufanya juani ni ule wa kukosa hewa. Fundi wa friji na viyoyozi ana pampu ya vakyumu. Mkielewana naye, na mkiwa na chombo cha chuma chenye dirisha nene, mnaweza kunyonya hewa kiasi cha kuondoa karibu upepo wote unaozipoza seli. Chombo cha glasi cha kawaida msikijaribu, kitapasukia ndani na vigae vitaruka. Ombwe hilo si la angani, bado hewa iliyobaki itabeba joto kidogo, lakini mtaona seli ileile, chini ya lenzi ileile, inavyopanda joto.

Kuhusu setilaiti ndogo, ninyi mko pwani ambako mambo haya si mageni. Setilaiti ya Uhuru iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, ikitumia paneli za kawaida. Taifa-1 iliruka 15 Aprili 2023 kutoka Marekani, ikiwa na ukubwa wa visanduku vitatu vya sentimita kumi. Uso mmoja wa kisanduku kama hicho hupokea wati 13.6 za jua na seli nzuri hutoa kama wati 4, hata kabla ya hasara za waya. Hapo ndipo tamaa ya lenzi inapoingia, na hapo ndipo mnapaswa kujizuia. Lenzi iliyobandikwa juu ya uso ule haiongezi kitu, eneo ni lilelile. Ili kuongeza lazima ikunjuke nje, na kukunjuka ndiko kunakoua: Warusi walifaulu kukunjua kioo cha mita 20 kiitwacho Znamya mnamo Februari 1993, na walipojaribu tena 1999 utando ulinasa kwenye antena ukachanika.

Kwa hiyo mkiandika ombi kwa chuo au kwa Shirika la Anga la Kenya, setilaiti yote iendeshwe na seli bapa, na lenzi yenu iwe abiria wa kupimwa, na seli yake isiunganishwe kamwe na betri kuu. Liandikeni hilo kwenye ukurasa wa kwanza, juu kabisa, maana swali la kwanza la mkaguzi nalijua kabla hajalitamka: lenzi isipofunguka, redio itawaka?